UZI: Nilikatakata picha ya gasketi nikaichanganya kama karata, modeli ikaitambua vilevile. Nimerudi kwenye njia ya mwaka 1973

MtuWaSpea
Wakuu, habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Mjomba ana duka la spea Gerezani, Kariakoo. Pale ugali wetu unatoka kwenye gasketi za silinda hedi, yale mabati bapa yenye matundu yanayokaa kati ya bloku ya injini na hedi yake. Zamani mteja alikuja nayo mkononi, nyeusi tii, imeliwa upande mmoja, anailaza kaunta: "Nipe kama hii." Siku hizi mtu yuko Sumbawanga, anatuma picha WhatsApp saa tatu usiku na anataka mzigo uwahi basi la alfajiri. Ukikosea, gharama ya kwenda na kurudi ni yako, na gari la mtu linaendelea kulala juu ya mawe.

Nikajiona mimi ndiye msomi wa ukoo, ngoja nimtengenezee mjomba programu: picha inaingia, jina la injini linatoka. Nikapiga picha gasketi zote za dukani, kama 40 kwa kila aina. Nikachukua mtandao wa neva, yaani modeli ya kompyuta inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano, uliokwisha kufunzwa kwa mapicha kibao, nikaufunza tena kidogo kwa hizo zangu. Majaribio yakatoka vizuri. Vizuri mno, mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Usiku mmoja nikafanya utundu. Nikachukua picha ya gasketi ya Toyota 3L, nikaikata vipande tisa, nikavichanganya kama karata, nikairudishia modeli. Tundu la silinda nusu liko juu kulia, nusu liko chini kushoto, matundu ya boliti yamezagaa. Hata fundi aliyelewa asingekiita kitu kile gasketi. Modeli ikajibu: 3L, uhakika asilimia 97.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kumbe siku zote hizo haijawahi kuiona gasketi. Imeona rangi, imeona mng'aro wa bati kuzunguka tundu, pengine imeona na meza ya mjomba. Nani amepakana na nani, nani yuko umbali gani na nani, hayo hayakuwa yanaihusu.

Kesho yake nikamuuliza mzee mmoja anayeuza pale tangu sijazaliwa: wewe unazitofautishaje? Akatoa mbili zinazofanana kama mapacha. Akasema, "Wewe unaangalia matundu makubwa. Makubwa wote wanayo. Tafuta kitundu kisicho na mwenzake." Akaweka kidole gumba kwenye kitundu cha oili, ukubwa wa punje ya mahindi, na kidole cha shahada kwenye tundu la boliti la pembeni. Kisha akavihamisha vidole hivyohivyo, bila kuvikunja wala kuvitanua, akaviweka kwenye gasketi ya pili. Gumba likakaa kwenye kitundu. Shahada ikaangukia kwenye bati tupu. "Si hii," akasema, akairudisha msumarini.

Sekunde nne, na hakuwa amepima tundu lolote. Alipima kilichopo kati ya tundu na tundu.

Swali langu kwa wajuzi: hii njia ya mzee ina jina? Kuna mtu amewahi kuiandikia programu?

Kokoto
Weka picha mkuu. Uzi bila picha ni gasketi bila tundu.

NjooNaData
Mleta mada, nakuheshimu ila unalia bila msiba. Hilo la kukata vipande si jipya. Mwaka 2019 watu wa Tübingen, Ujerumani, walijenga mtandao kwa makusudi uwe unatazama picha kwa vipande vidogo vya pikseli 33 kwa 33, kila kipande kinapiga kura yake, bila kujua kilikaa wapi kwenye picha. Kwenye mashindano ya ImageNet yenye aina 1,000 za vitu, jibu sahihi lilikuwamo ndani ya makisio yake matano ya kwanza mara 87.6 katika 100. Umenielewa? Bila muundo wowote. Sasa kama vipande vinatosha kumjua mbwa na kumjua paka, gasketi ni nini?

Tatizo lako ni picha 40. Leta 4,000 za kila aina, badilisha meza, badilisha mwanga, zungusha, pindua. Itajifunza yenyewe.

MtuWaSpea
Mkuu, gasketi nyingine tunazo mbili tu dukani. Hizo 4,000 nitazitoa wapi, nizichore?

Na mbwa na paka wana manyoya tofauti, macho tofauti. Hizi gasketi ni bati lilelile, zimekatwa kwa mashine ileile, tofauti yao ni kwamba kitundu kimoja kimesogea milimita 6. Ukikitazama kipande peke yake utaona nini? Tundu. Na kingine? Tundu.

MzeeWaKadi
Kijana, nimefundisha kompyuta tangu enzi za kutoboa kadi, sasa nimestaafu nafuga kuku. Uzi huu umenitoa bandani.

Njia ya huyo mzee wa dukani ina jina: kulinganisha miundo ya uhusiano. Unaachana na picha, unabaki na orodha ya sehemu na orodha ya yaliyomo kati yao. Fikiria wavu wa mvuvi. Kila fundo ni sehemu: tundu, kona, jicho, mpini. Kila uzi kati ya fundo na fundo ni uhusiano: umbali kiasi fulani, kushoto kwa, ndani ya, imegusana na. Kitu unachokifahamu unacho kama wavu mmoja. Picha mpya unaigeuza wavu wa pili. Kumtambua mtu au kitu ni kuulaza wavu juu ya wavu na kuona kama mafundo na nyuzi vinakubaliana.

Nendeni Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1971 Harry Barrow na Robin Popplestone waliandika jinsi ya kumweleza kompyuta kikombe na miwani kwa lugha hiyo ya ujirani: eneo hili limepakana na lile, hili ni dogo kuliko lile, hili umbo lake limekaribia duara. Walikuwa na roboti yao, Freddy. Kiroja chake, mkono ulining'inia pale na meza ndiyo iliyokuwa inatembea chini yake. Kufikia 1973 unammwagia Freddy lundo la vipande vya mbao, anavichambua kimoja kimoja kwa kamera, anaunda gari la kuchezea, au mashua. Kompyuta ya wakati ule, jamani, simu yako ya tochi inaizidi.

Mwaka huohuo 1973, Marekani, Martin Fischler na Robert Elschlager walifanya jambo ambalo mpaka leo naliona zuri kuliko yote. Walisema uso wa mtu ni vipande vilivyofungwa kwa springi. Macho, pua, mdomo, nywele. Springi inaruhusu jicho lisogee kidogo maana watu hatufanani, lakini likisogea mno springi inavutika na unatozwa gharama. Kompyuta inatafuta mkao ambao kila kipande kimekaa mahali panapofanana nacho, na springi zote kwa jumla zimelia kidogo iwezekanavyo. Ile picha yako ya karata, kijana, ukiipeleka kwa Fischler springi zinakatika zote.

Kokoto
Springi zimelia 😂😂 Mzee karibu sana jukwaani, kuku wasubiri.

MtuWaSpea
Shikamoo mwalimu. Nimekesha na maneno yako. Lakini nimekwama kwenye hesabu. Gasketi moja ina matundu kama 30, ukihesabu ya maji, ya oili na ya boliti. Picha ya mteja nayo ina 30. Lipi ni lipi? Tundu la kwanza lina wachumba 30, la pili 29, la tatu 28... nimezidisha mpaka mwisho nimepata namba yenye tarakimu 33. Kompyuta yangu itamaliza mwaka gani?

MzeeWaKadi
Marahaba. Hapo umeukanyaga mwiba uliowachoma wote.

Mwaka 1973 (mwaka gani ule!) Serikali ya Uingereza ilikuwa na ripoti mezani kutoka kwa mwanahisabati James Lighthill. Hoja yake kubwa dhidi ya watu wa akili bandia ilikuwa hiyohiyo tarakimu 33 yako: njia zenu zinafanya kazi kwenye vitu vitano mezani, vikiwa hamsini michanganyiko inalipuka. Fedha zikakatwa. Freddy akapumzishwa.

Njia ya kutokea ipo, na waliokuwa Edinburgh waliitumia. Usianze na mpangilio mzima. Anza na jozi. Andika kila jozi inayowezekana: tundu la 1 la picha na tundu la 1 la kiolezo (yaani wavu wa gasketi unayoifahamu tayari), la 1 na la 2, mpaka mwisho. Jozi 900, si nyingi. Sasa chukua jozi mbili uziulize: mnapatana? Zinapatana kama umbali kati ya matundu yao kwenye picha ni sawa na umbali kati ya wenzao kwenye kiolezo. Zikipatana, zifunge uzi. Zisipopatana, ziache zisisalimiane.

Ukimaliza una mkusanyiko wa jozi 900, wengine wanapatana, wengine hawapikiki chungu kimoja. Sasa unda kamati ya harusi. Sharti ni moja: kila mjumbe apatane na kila mjumbe, hakuna wa kununiana. Kamati kubwa kuliko zote utakayoipata ndiyo jibu lako, inakuambia tundu lipi ni lipi. Na tundu lililofunikwa na masizi halikuharibii kazi, linakosa ujumbe tu. Bron na Kerbosch walichapisha algoriti ya kuzisaka kamati za namna hiyo mwaka, mmeshabashiri, 1973.

Kuitafuta kamati kubwa kuliko zote ni kazi ngumu kwa asili yake, usidanganyike. Ila umbali unakata jozi nyingi mapema sana, hivyo kwenye matundu 30 utapona.

BintiKilindoni
Jamani naomba niingilie, maana hii kitu nimeiona kwa macho yangu na si kwenye gasketi.

Mimi ni mwenyeji wa Mafia. Huku kwetu tunaye papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote, mgongo na ubavu vimejaa madoadoa meupe. Wageni wanakuja kuogelea naye karibu na Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Watafiti wakiruka majini kitu cha kwanza ni kumpiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, juu ya pezi. Nikadhani ni ya ukumbusho. Kumbe ndiyo kitambulisho chake cha taifa.

Madoa yale hayafanani kati ya potwe na potwe. Na doa moja halikuambii lolote, ni doa jeupe tu, kama tundu la gasketi lilivyo tundu tu. Kilichowasaidia ni nyota. Mwaka 1986 mtaalamu wa nyota Edward Groth alitoa algoriti ya kulinganisha orodha mbili za nyota: unachukua nyota tatutatu, unachora pembetatu, unahifadhi umbo lake, yaani upande mrefu ni mara ngapi ya ule mfupi, pembe yake ikoje, na ukizunguka kona zake unaelekea upande gani. Picha iwe kubwa, iwe ndogo, iwe imelala ubavu, umbo la pembetatu halibadiliki. Kisha pembetatu za orodha hii zinatafuta wenzao kwenye orodha ile, na kila zinazofanana zinazipigia kura kona zao. Nyota zilizoshinda kura ndizo zilezile.

Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, ambaye naye ni mtaalamu wa nyota, pamoja na mtaalamu wa programu Jason Holmberg na mwanabiolojia Brad Norman wa Australia, wakachapisha kwamba algoriti hiyo ukiilisha madoa ya potwe badala ya nyota inamtambua potwe mmoja mmoja. Huhitaji picha 4,000 za potwe huyo. Picha moja ya zamani na moja ya leo.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Hakuwahi kunionyesha nyota ya Kilimia. Alinionyesha Kilimia, kile kishada. Ukimuuliza ipi kati ya zile, alikuwa anashangaa swali.

NjooNaData
Dada hii ya potwe sikuijua, nimeipenda. Doa 30 ni pembetatu ngapi?

BintiKilindoni
30 mara 29 mara 28 gawanya kwa 6: pembetatu 4,060. Simu inazimaliza hujameza mate.

Na nyongeza moja. Picha za ubavu wa kushoto na za kulia hazichanganywi, maana potwe kushoto kwake na kulia kwake madoa ni tofauti kabisa. Ukiwa na picha ya kushoto tu na mwenzio ana ya kulia tu, mnaweza kubishana mchana kutwa kumbe samaki ni mmoja.

FundiLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi injini, hayo ya kompyuta nasoma tu, lakini hapo kwa kushoto na kulia nina neno.

Yakhe mwenye uzi, kuwa na hadhari. Gasketi ikitoka kwa injini mara nyingi twaitupa chini vyovyote ilivyoanguka. Mteja aipiga picha ikiwa imelala kifudifudi. Sasa ukipima umbali wa tundu kwa tundu, umbali ni uleule ikitazama juu au chini. Wewe utasema ndiyo hii. Lakini kuna injini za V, upande huu una gasketi yake na upande ule una yake, na ukiigeuza ya kushoto kifudifudi yaweza kukaa kama ya kulia. Yakaa, boliti zaingia, lakini uso wa juu umekuwa chini, ama njia ya oili imezibwa. Nimeona kijana afunga hivyo, injini ikapiga dakika chache, ndipo tukafungua tena kazi ya siku mbili. Ndiyo maana kwa nyingine wameandika neno la kuonyesha juu ni wapi.

Kwa hiyo kama programu yako ni ya umbali pekee, yaona kama kioo. Kulia na kushoto kwake ni mamoja.

MzeeWaKadi
Fundi, hujasoma kompyuta lakini umeipiga msumari wa utosi. Umbali peke yake haumjui mtu na kivuli chake kiooni. Ndiyo sababu Groth alihifadhi na mwelekeo wa kuzunguka kona: pembetatu ikigeuzwa, kona zinazunguka kinyume. Kijana, ongeza hilo. Kamati mbili, moja ya waliozunguka sawa, nyingine ya waliozunguka kinyume. Ikishinda ya kinyume, usikatae wala usikubali: mwambie mteja aigeuze apige tena.

MtuWaSpea
Wiki mbili zimepita, narudi na mrejesho. Poleni kwa ukimya, nilikuwa chini ya maji kama potwe.

Kuyapata matundu kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani kwa gasketi mpya, na mateso kwa za zamani. Njia ya kura ya Hough ya kutafuta duara inafanya kazi, ila masizi nayo yana maduara yake. Kwenye gasketi moja kutoka Songea programu ilihesabu matundu 51, na duara la chai lililobaki mezani pale kikombe kilipokaa likiwemo.

Kikwazo cha pili ni kamera iliyoinama. Mteja anapiga amesimama, sehemu ya karibu inaonekana kubwa, ya mbali imesinyaa, umbali wote umepinda. Hapo nikapata dawa ya bei rahisi: karatasi ya A4. Tunamwambia mteja ailaze gasketi sakafuni kwenye simenti bapa, aweke A4 pembeni yake. Karatasi najua ni milimita 210 kwa 297. Nikizipata kona zake nne naweza kuinyoosha picha yote ikawa kama imepigwa kutoka juu kabisa, na napata na milimita za kweli. Ila kadiri unavyokwenda mbali na karatasi kosa linakua, kwa hiyo aiweke katikati ya urefu, isiwe kwenye ncha.

Halafu kamati ya harusi. Mwanzo ilichelewa vibaya, dakika nzima kwa kiolezo kimoja, na nina violezo zaidi ya 100. Sababu niliiona nilipochapisha jozi: matundu ya boliti yamepangwa kwa nafasi zinazojirudia, kwa hiyo kamati za uongo ni nyingi. Ukiisogeza gasketi yote silinda moja mbele, nusu ya matundu bado yanaoana. Ni kama kumtafuta mtu kwenye gwaride kwa kigezo cha "amevaa buti".

Nikamkumbuka mzee. *Kitundu kisicho na mwenzake.* Nikaibadili programu: kwanza ikague kila kiolezo, itafute matundu ambayo ukubwa wake na majirani zake wa karibu hayajirudii popote kwenye gasketi hiyo. Picha ikija, inaanzia hapohapo. Inapata kitundu kinachoshukiwa, inatazama majirani zake, wakikubali ndipo inaunda kamati ndogo, wakikataa inaruka. Dakika imekuwa chini ya sekunde.

MzeeWaKadi
Kijana, unajua ulichokifanya? Mwaka 1982 Robert Bolles na Ronald Cain kule California walikuwa na lundo la bawaba za chuma zimelaliana, roboti inatakiwa ijue kila moja imelalaje. Waliichagua alama moja inayoeleza zaidi, kwa mfano tundu, wakatazama vilivyo jirani yake, wakaunda kamati kutokana na hivyo. Huyo mzee wako wa dukani ni Bolles ambaye hakuandika.

Na Bolles huyu mwaka mmoja kabla, 1981, aliandika na yuleyule Fischler wa springi njia nyingine ambayo hata mitambo ya leo inaitumia: okota alama chache kwa bahati nasibu, kisia mkao, hesabu wangapi wanakubali, rudia. Jaribu hiyo kwenye ile ya Songea yenye duara la chai.

MtuWaSpea
Nimejaribu jana, mwalimu. Duara la chai limekosa kura.

Sasa niwaambie iliponiumbua. Kwa sababu nilipenda pembetatu za potwe, nilitumia uwiano badala ya milimita. Inapendeza, mteja hahitaji hata karatasi. Basi ikaja picha, programu ikasema 3L, mzigo ukaenda, ukarudi. Ilikuwa 5L. Hizi injini ni ndugu: 2L silinda yake ina kipenyo cha milimita 92, 3L ni 96, 5L ni 99.5. Ukiziangalia harakaharaka zinafanana, na programu yangu ilikuwa imefundishwa kupuuza ukubwa. Milimita 3.5 ndizo zilizonilipisha nauli.

Kwa potwe kupuuza ukubwa ni sawa, maana anakua na picha zinapigwa kwa mbali tofauti. Kwa gasketi ukubwa ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo sasa karatasi ni lazima, na fundo la wavu linabeba kipenyo chake, si uzi peke yake unaosema.

NjooNaData
Ndiyo nilikuwa nasubiri ufike hapo. Uhusiano peke yake hautoshi, na sehemu peke yake haitoshi. Mimi nakubali nusu. Watu wa Tübingen walewale, 2019 hiyohiyo, walionyesha mtandao picha ya paka aliyevikwa ngozi ya tembo, ukasema tembo. Kwa hiyo ndiyo, mitandao inapenda ngozi kuliko umbo.

Lakini nawe utoe nusu yako. Kutafuta matundu kwenye masizi ni kazi ya mtandao wa neva, hapo Hough hagusi. Hizo picha zako 40 kwa kila aina, kila moja ina matundu 30: ukiufunza mtandao swali dogo tu, "hapa pana tundu au hapana?", tayari una mifano maelfu, na meza ya mjomba haina la kusema. Kisha mkabidhi mzee na kamati yake. Hata zile springi za 1973 zilirudi kwa mtindo huo. Felzenszwalb na Huttenlocher mwaka 2005 walipata njia ya kuzikokotoa haraka springi zikipangwa kama mti, na miaka michache baadaye Felzenszwalb na wenzake wakafundisha vipande na springi kwa pamoja kutokana na picha. Mpaka mitandao mikubwa ilipoingia 2012 na kuendelea, hiyo ndiyo ilikuwa inatamba kwenye kutafuta watu na magari pichani.

MtuWaSpea
Hilo la swali dogo nimelielewa mkuu, na najilaumu kwa nini sikuliona. Naanza leo usiku.

BintiKilindoni
Kaka, hesabu na waliofichika. Huku kwetu watu walidhani potwe anahama miezi fulani kwa sababu haonekani. Watafiti wakafunga vifaa vya kutoa mlio, matokeo yakatoka 2015: wengi wapo mwaka mzima, wanakwenda tu kwenye maji ya mbali na kina zaidi, macho hayawafikii. Programu yako ikikosa tundu isiseme "halipo". Iseme "sikuliona".

FundiLikoni
Naongeza moja. Kwa dizeli nyingi, gasketi za injini moja zatofautiana unene, na picha haionyeshi unene. Tazama ukingoni, huwa kuna vikato ama vitundu vidogo vya kuhesabu, kimoja, viwili, vitatu. Hiyo ndiyo alama ya unene. Usikitupe kikato ukidhani ni kuchanika.

MtuWaSpea
Fundi wewe nitakutumia kahawa. Vile vikato nilikuwa navifuta kama uchafu!

Kokoto
Mkuu na mimi nina shida ya kweli sasa, Noah yangu imelala tangu Jumamosi. Hii hapa gasketi, nimeipiga juu ya godoro. Angalia ni ya injini gani.

MtuWaSpea
Godoro limebonyea katikati, mkuu, matundu yote yamesogea. Ilaze sakafuni, A4 pembeni katikati ya urefu, maandishi yatazame juu, ufute masizi kwenye kitundu kile cha kona ya chini. Halafu piga tena.